Kibodi mpya ya gemu inazingua? Pitia dalili hizi kabla hujairudisha dukani

Mtu ananunua kibodi ya gemu, anafika nyumbani, anachomeka, inagoma. Wa kwanza kulaumiwa ni muuza duka na wa pili ni kibodi yenyewe. Ila ukifuatilia malalamiko ya watu, yale yale yanayojirudia kila siku, kibodi nyingi zinazoitwa mbovu ni nzima kabisa, tatizo liko kwenye poti, au kwenye setingi ya Windows, au kuna vitufe viwili vimebonyezwa pamoja bila mtu kujua na kibodi ikabadili tabia. Na hili linaniuma kwa kweli, maana watu wanaingiza bisibisi siku ya kwanza, waranti inakufa hapo hapo, kumbe ilikuwa kubonyeza Fn na herufi moja tu basi.

Nimepanga kwa dalili. Tafuta yako, anza na sababu ya juu maana ndiyo inayotokea zaidi, ikishindikana shuka chini. Naongelea Windows 10 na 11 kwenye deskitopu, hasa hizi za mtumba za maofisini kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ambazo ndizo tunazo wengi huku, mtu anaongeza ram, anaongeza kadi ya grafiki, mwisho ananunua kibodi ya taa na hapo ndio maswali yanaanza.

Kipimo cha kwanza kwa dalili yoyote ile: chomeka kibodi kwenye kompyuta nyingine. Laptopu ya jirani, kompyuta ya kazini, hata simu ya Android kwa kile kiunganishi cha OTG (kwenye simu taa zinaweza kugoma kwa umeme mdogo, usijali, angalia kama inaandika). Ikifanya kazi kule, tatizo ni la kompyuta yako. Ikizingua vile vile, ni ya kibodi au waya wake. Hicho kipimo ni cha dakika mbili na kinakuokoa kuhangaika usiku kucha na madraiva yasiyohusika.

Na kibodi ya zamani usiigawe kwanza, utaihitaji kuandikia paswadi. Kama huna, kwenye skrini ya kuingilia bonyeza kwa mausi kale kamchoro ka Accessibility (Windows 10 ni Ease of Access) pale kona ya chini kulia, kuna kibodi ya kwenye skrini utaandika kwa kubofya.

HAIWAKI KABISA, HAKUNA TAA WALA HERUFI

Sababu namba moja ni poti ya mbele ya kesi. Hizi mashine za mtumba poti zake za mbele zimechomekwa na kuchomolewa flashi miaka na miaka ofisini huko zilikotoka. Chukua tochi ya simu umulike ndani: utaona kiulimi cha plastiki na pini za rangi ya dhahabu zimejipanga juu yake. Pini ikiwa imelala, au imesogea ikagusana na mwenzake, au kiulimi kinacheza ukikitikisa kwa kichwa cha USB, hiyo poti iache, usiichokonoe na sindano. Nenda nyuma ya kompyuta, zile poti zilizoshikana na bodi yenyewe, chomeka pale. Watu wengi sana wanaishia hapa.

Kama unapitishia kwenye habu, ile ya poti nne isiyo na umeme wake, itoe njiani. Poti ya USB 2.0 inatoa mpaka miliampea 500 na USB 3.0 mpaka 900, sasa habu inagawana hizo hizo na kila kilichochomekwa, na kibodi ikiwasha taa zote rangi nyeupe ndipo inapokula umeme zaidi.

Halafu angalia kama waya wa kibodi yako una vichwa viwili vya USB. Kibodi zenye poti ya kuchomekea mausi pembeni huja hivyo, kichwa kimoja ni cha kibodi yenyewe na kingine ni cha kulisha ile poti ya pembeni. Mtu anachomeka kimoja, anachomeka kile kisichohusika, anasema imekufa. Kwenye kichwa chenyewe kuna alama ndogo ya kibodi, chomeka hicho, au chomeka vyote viwili.

Kwa kibodi zenye waya unaochomoka, sukuma ule upande wa kibodi mpaka usikie imekaa. Tundu lake mara nyingi limezama ndani na unaweza kudhani imeingia kumbe bado milimita mbili.

Ikiwa bado: zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama sekunde 15 ili umeme uliobaki ndani uishe, subiri kidogo, rudisha. Kama poti ilijifungia yenyewe kwa kujilinda hapo huwa inarudi.

SIMAMA HAPA: ukisikia harufu ya kuungua, kichwa cha USB kikawa cha moto mkononi, au Windows ikaleta ujumbe wa "Power surge on the USB port" kila ukichomeka, chomoa na usijaribu kwenye poti nyingine tena wala kompyuta ya mtu. Kuna shoti mahali na shoti inaweza kuua bodi. Peleka kwa fundi wa kompyuta, au rudisha dukani kama ni mpya.

TAA ZINAWAKA VIZURI LAKINI HAIANDIKI

Hii ndio inachanganya watu zaidi, maana ikiwa na taa unajua ni nzima.

Anza na waya. Kama ni USB-C inayochomoka na umetumia waya wa chaja ya simu badala ya ule uliokuja kwenye boksi, inawezekana huo waya ni wa kuchaji tu, hauna nyaya za kupitisha data ndani. Umeme unapita, taa zinawaka, herufi haziendi. Rudisha waya wake wa asili.

Kama ni kibodi ya njia tatu (waya, blutuuthi na kidongo cha 2.4G, yaani kile kidude cha USB cha kuunganisha kibodi bila waya), tafuta swichi ndogo nyuma au pembeni. Ikiwa imekaa upande wa blutuuthi, baadhi yake ukichomeka waya zinachaji tu wala haziandiki mpaka uisogeze kwenye waya.

Ya tatu ni Filter Keys, na hii nataka uielewe vizuri. Windows ina msaada kwa watu ambao mikono inatetemeka, ukiwasha inapuuza vitufe vilivyobonyezwa haraka haraka. Inawashwa kwa kushikilia Shift ya kulia sekunde 8. Sasa kwenye gemu mtu anashikilia Shift kukimbia, au kibodi ilikuwa imeegemea kitu kwenye meza, kinatokea kiboksi, anabonyeza Yes ili kiondoke aendelee kucheza. Kuanzia hapo kibodi "imekufa", ila ukibonyeza herufi ukaishikilia kama sekunde moja inatoka. Ukiona hivyo umeshapata jibu. Kwenye Windows 11 ingia Settings, Accessibility, Keyboard, zima Filter Keys. Kwenye Windows 10 ni Settings, Ease of Access, Keyboard. Ukiwa pale pale zima na ile njia ya mkato yake, na ya Sticky Keys pia, ile inayotokea ukigonga Shift mara tano na kukutoa kwenye gemu katikati ya mapambano.

Ikiwa hakuna kati ya hizo, ingia Device Manager, fungua sehemu ya Keyboards, utakuta pengine zimeorodheshwa tatu au nne hata kama una moja tu, ni kawaida, kibodi ya gemu hujitambulisha kama vifaa kadhaa. Bofya kulia kila moja, Uninstall device, kisha riesitati kwa mausi. Windows itaziweka upya yenyewe. Sema Restart siyo Shut down, maana kwenye Windows 10 na 11 ile Fast Startup ikiwa imewashwa, kuzima kwa kawaida hakufuti kila kitu na draiva iliyoharibika inarudi kama ilivyokuwa.

KWENYE WINDOWS INAANDIKA, KWENYE BIOS HAIANDIKI

BIOS ni zile setingi za kompyuta unazoingia kabla Windows haijawaka. Unabonyeza F2 au F12 kwenye Dell, F10 kwenye HP, kompyuta inapita moja kwa moja kama haujagusa kitu. Mara nyingi ni poti tena: toa kwenye poti ya bluu (ya USB 3.0) au habu, weka kwenye poti nyeusi ya USB 2.0 nyuma. Ikikataa, kibodi itakuwa kwenye hali ya kutuma vitufe vyote kwa mpigo na BIOS ya zamani haiijui lugha hiyo, inajua ile ya vitufe sita tu. Kibodi nyingi zina njia ya kushusha, angalia kijitabu chake, na Corsair kadhaa za zamani zina swichi kabisa nyuma iliyoandikwa BIOS.

Wenye Windows 7 bado mpo na mnajijua. Windows 7 haikuja na draiva ya USB 3.0, kwa hiyo poti ya bluu inaweza kugoma kabisa mpaka uiwekee draiva, hasa wakati wa kuinstoo. Tumia nyeusi.

WASD HAZISOGEZI MTU, MISHALE NDIYO INASOGEZA

WASD ni vile vitufe vinne vya kumtembeza mtu wako kwenye gemu. Hapa usiguse draiva yoyote. Bonyeza Fn pamoja na W, mara moja, achia, jaribu tena. Kibodi nyingi za bei ya kati, zikiwemo Redragon nyingi, zina huo ujanja wa kubadilishana WASD na mishale, na kidole kikikosea kidogo tu kikagusa Fn unakuwa umeuwasha bila kujua. Unaandika neno "wewe" linakuwa kishale kinarukaruka kwenye ukurasa, mtu anadhani ni virusi.

Ndugu yake ni huyu: kitufe cha Windows kimekufa. Kibodi ya gemu inakifunga makusudi ili usitolewe kwenye gemu. Kwa nyingi ni Fn na kitufe chenyewe cha Windows, kwa Razer nyingi ni Fn na F10, na Logitech za G zina kitufe chake chenye alama ya kidhibiti cha gemu. Kuna kitaa kidogo cha kufuli pembeni, kikiwaka ujue umefunga.

Alt na Windows zimebadilishana nafasi? Umeingia hali ya Mac. Tafuta swichi iliyoandikwa Mac na Win pembeni, au kwenye kijitabu utakuta Fn na herufi fulani.

Na zile ndogo za asilimia 60 hazina mishale wala F1 mpaka F12 zenyewe, zote zinapatikana kwa kushikilia Fn. Hiyo sio ubovu, ndivyo zilivyo, ila muuzaji alipaswa kukuambia.

Ukishindwa kujua umebonyeza nini, rudisha kibodi kwenye hali ya kiwandani. Kila kampuni na njia yake: Corsair nyingi unachomoa, unashikilia Esc, unachomeka huku umeshikilia, unaachia baada ya sekunde kama tano. Razer BlackWidow nyingi ni hivyo hivyo ila vitufe vya kushikilia ni vingine, angalia kijitabu cha toleo lako. Hizi zingine za bei nafuu nyingi ni Fn na Esc au Fn na spesi kwa sekunde chache mpaka taa zimemeteke. Ujue utapoteza makro zako (vile vitufe ulivyovipanga kimoja kifanye mambo kadhaa) na rangi ulizopanga.

INAANDIKA HERUFI AMBAZO SIO

Unabonyeza @ inatoka alama ya kufungulia nukuu, na ya nukuu inatoa @. Kibodi ni ya Marekani, Windows imepangwa Uingereza, au kinyume chake. Mashine nyingi za mtumba zimetoka Uingereza na Windows zake zimekaa na mpangilio wa huko. Bonyeza Windows na spesi uone mipangilio iliyopo, chagua US. Ukitaka kujua ya kwako angalia Enter: ikiwa ndefu ya kulala ni ya Marekani, ikiwa imesimama kubwa kama L iliyopinduliwa ni ya Ulaya.

Q imetoka A na W imetoka Z, hapo Windows imekaa AZERTY, mpangilio wa Kifaransa, wenzetu wa Kongo na Burundi mnalijua sana hili na kwenye gemu linaumiza maana WASD inakuwa imetawanyika. Badilisha mpangilio uwe US kwa ajili ya gemu, au ingia kwenye gemu ubadili vitufe viwe ZQSD.

Sasa hii ya sisi waandishi wa Kiswahili. Unaandika ng'ombe inatoka "ngómbe", unaandika ng'ambo inatoka "ngámbo". Kibodi haina shida hata kidogo. Umechagua mpangilio wa United States-International, ambao alama ya king'ong'o inasubiri herufi inayofuata ili iiwekee mkwaju juu. Nenda Settings, Time & language, Language & region, bonyeza vidoti vya pembeni ya lugha, Language options, ongeza US ya kawaida na uifute hiyo International. Umemaliza.

Inabadilika yenyewe katikati ya gemu? Alt ya kushoto na Shift pamoja ni njia ya mkato ya kubadili lugha, na Ctrl na Shift inabadili mpangilio, na hivyo vitufe ndio hivyo hivyo vya kuchuchumaa na kukimbia. Mwenye Kiarabu kwenye kompyuta yake, ndugu zetu wa Oman mnaelewa, ghafla chati yote inakuwa Kiarabu. Futa mpangilio usioutumia, au zima hizo njia za mkato kwenye Advanced keyboard settings.

HERUFI MOJA INATOKA MARA MBILI

Unaandika salama inatoka "ssalama". Fungua Notepad, gonga hicho kitufe polepole, kimoja kimoja. Kikitoa mbili hata ukigonga taratibu, swichi ya hicho kitufe inatetema: vile vibati viwili ndani vikigusana vinadunda kidogo kabla ya kutulia, kibodi inasoma kudunda huko kama umebonyeza mara mbili.

Kama ni mpya ya wiki mbili tatu, usitengeneze. Rudisha. Nasema hivi kwa sababu watu wanaona aibu kurudi dukani kwa kitufe kimoja, na tatizo hili haliponi lenyewe, linaongezeka.

Kama waranti imeisha, au ulinunua bila risiti, endelea. Toa kifuniko cha kitufe kwa kile kikoleo cha waya kilichokuja kwenye boksi, vuta wima bila kuyumbisha. Puliza vumbi kwa kopo la hewa, siyo kwa mdomo, mdomo unapeleka unyevu. Gonga swichi haraka haraka mara nyingi, jaribu. Sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa ina unyevu na chumvi, na dirisha likiwa wazi karibu na meza vibati vinapata kutu mapema kuliko mtu wa Arusha. Tone moja la alkoholi ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu, linasaidia: chomoa kibodi kwanza, bonyeza swichi chini, dondosha, gonga gonga, acha ikauke vizuri ndipo uchomeke. WD-40 ya kawaida ile ya kulainishia usiweke, inaacha mafuta na vumbi linanata humo.

Kibodi ikiwa ya swichi zinazochomoka, hapo umebarikiwa, unabadilisha moja na kuendelea. Ila angalia mambo mawili kabla ya kununua. Swichi za mwanga haziingiliani na za kawaida za vibati. Na baadhi ya kibodi za bei nafuu, hasa za miaka ya nyuma, matundu yake ni membamba yanachukua swichi za kampuni ya Outemu tu, ukilazimisha swichi nyingine unapanua au kung'oa tundu. Pini nazo hesabu: swichi ya pini tano haiingii kwenye bodi ya pini tatu mpaka ukate vile viguu viwili vya plastiki.

Zile za sumaku, za kisasa, hazina vibati vya kudunda, ila zinaweza kujibonyeza zenyewe au mtu akawa anatembea bila kugusa. Dawa yake ni kuzipima upya kwenye programu yake, sehemu ya kalibresheni, na kuongeza kidogo kina cha kubonyeza, kile cha milimita 0.1 ni kikali mno kwa mtu anayepumzisha vidole juu ya vitufe.

SIMAMA HAPA: swichi zikiwa zimechomelewa kwenye bodi kwa lehemu na hujawahi kushika chuma cha kulehemu, hii kibodi sio ya kujifunzia. Fundi mzuri wa simu anaweza kazi hii na ni ndogo kwake.

UKIBONYEZA VITUFE VINGI PAMOJA KIMOJA HAKITOKI

Unakimbia mbele kushoto unataka kuruka, W na A na spesi, mtu haruki. Au watoto wawili wanacheza mpira kwenye kibodi moja, mmoja akishikilia mishale mwenzake hawezi kupiga pasi, ugomvi ndani ya nyumba, kila mmoja anasema mwenzake amembania.

Kwanza angalia kama kibodi ina hali mbili, ya vitufe sita na ya vyote, kijitabu kitakuambia ni Fn na nini. Weka ya vyote. Ikiwa haina, basi kubali ukweli: kibodi nyingi zinazouzwa kwa jina la gaming na taa za upinde wa mvua ni za mpira ndani, nyaya zake zimepangwa kwa mistari na safu, na baadhi ya vitufe vitatu vikibonyezwa pamoja kibodi haiwezi kujua ni kipi hasa hivyo inazuia kimoja. Hakuna draiva inayotibu hilo wala fundi. Unachoweza ni kuhamisha kazi kwenye gemu, kuruka weka kwenye kitufe kingine au pembeni ya mausi, na hao watoto mmoja mpe pedi. Ukiwa bado uko dukani jaribu hapo hapo, fungua Notepad, shikilia herufi mbili tatu za karibu na WASD uone. Muuzaji mzuri hatakukataza.

INAKATIKA KATIKATI YA GEMU

Ya waya: tikisa waya pale unapoingilia kwenye kibodi. Taa zikipepesa, waya umechoka ndani. Zisipopepesa, Windows inaweza kuwa inailaza poti kubana umeme. Device Manager, Universal Serial Bus controllers, kila USB Root Hub fungua Power Management, toa tiki kwenye kile cha kuruhusu kompyuta izime kifaa.

Ya kidongo: chaji kwanza. Kisha toa kidongo kwenye poti ya bluu ya nyuma. USB 3.0 ikifanya kazi inatoa kelele kwenye masafa yale yale ya 2.4 GHz, Intel walilieleza hilo mwaka 2012, na diski ya nje au flashi ya 3.0 ikiwa jirani na kidongo herufi zinapotea au zinachelewa. Tumia kile kiekstensheni kifupi kilichokuja kwenye boksi, lete kidongo juu ya meza karibu na kibodi.

Sio kibodi inayokatika ila gemu ndilo linakwama ukibonyeza vitufe? Kibodi mpya za gharama zinaripoti mara 8000 kwa sekunde na kompyuta ya zamani inachoka kuzisikiliza. Ingia kwenye programu yake shusha hadi 1000. Tofauti hutaihisi kwenye vidole lakini gemu litapumua.

UNATOLEWA KWENYE MECHI BILA KUFANYA KITU

Angalia kama umewasha Snap Tap au jina lake lolote lile kampuni yako ililoipa, ile inayochagua kitufe cha mwisho ukibonyeza A na D pamoja. Tangu Agosti 2024 Valve wamekataza hiyo kwenye Counter-Strike 2 kwenye seva zao rasmi, mfumo ukigundua unakutoa kwenye mechi. Na makro za kitufe kimoja kufanya mambo mawili ni hivyo hivyo. Kibodi yako inaweza kuwa imetoka kiwandani na hayo yamewashwa, au mtu wa dukani aliwasha kukuonyesha. Zima.

TAA HAZITII AMRI

Programu mbili zinagombania taa. Windows 11 ina Dynamic Lighting yake, chini ya Settings, Personalization, na kampuni nayo ina yake. Zima moja. Kama ni kibodi ya bei nafuu isiyo na programu, taa ni Fn na vitufe fulani vya kwenye kijitabu, na usipakue programu ya jina linalofanana fanana na kibodi yako kutoka tovuti usiyoijua, hapo ndipo watu wanaibiwa akaunti za gemu.

IMEMWAGIKIWA CHAI AU SODA

Chomoa sekunde hiyo hiyo, sio uanze kufuta kwanza. Pindua iangalie chini, toa vifuniko, acha siku mbili sehemu yenye hewa, sio juani na sio kwa draya ya nywele. Maji matupu unaweza kupona. Soda na chai ya sukari inabaki inanata na sisimizi wanafuata sukari mpaka ndani ya swichi, hiyo inahitaji kufunguliwa na kusafishwa. Ikiwa ni ya betri na umeona imetuna, haikai mezani sawa au mgongo umebenuka, usiichaji tena wala usiitoboe, itoe nje ya nyumba mbali na vitu vinavyoshika moto na umpelekee fundi anayejua betri.

UKIIGUSA UNAHISI UMEME UNAKUTEKENYA

Hii nimeiacha mwisho lakini ukiiona anza nayo. Kibodi nyingi za gemu zina bati la chuma juu, ukiweka mkono ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji unahisi mtekenyo, au ukigusa kesi ya kompyuta. Sababu ya kawaida ni kwamba kompyuta haina ethi: umekata pini ya tatu, au unatumia adapta ya pini mbili, au ekstensheni yako ina matundu matatu lakini ndani nyaya mbili, au nyumba yenyewe ethi haikufungwa. Power supply ya kompyuta hutegemea ethi kumwaga umeme kidogo unaovuja, ikikosa unakaa kwenye kesi na kupita mpaka kwenye kila kilichochomekwa. Unaweza kubadili ekstensheni na waya wa umeme ujaribu soketi nyingine. Ukiendelea kuhisi, zima, chomoa ukutani, mwite fundi umeme mwenye leseni apime ethi ya nyumba. Soketi usiifungue mwenyewe, na usivae ndala ukaendelea kucheza, umeme bado upo na kuna mtoto atakuja kugusa na mikono ya maji.

KAMA UNAIRUDISHA DUKANI

Piga video fupi ya tatizo likitokea, ikionyesha kibodi ikiwa kwenye kompyuta mbili tofauti, maana jibu la kwanza utakalopewa ni "kompyuta yako ndiyo mbovu". Beba boksi, waya wake wa asili, kidongo na risiti. Ile stika ndogo juu ya skrubu nyuma usiibandue, wengi wakiiona imechanika hawapokei. Na mwambie muuzaji aichomeke hapo hapo mbele yako, na hiyo atakayokupa badala yake pia, ugonge kila kitufe kimoja baada ya kingine kabla hujatoka mlangoni.